Kuwaona ndege wajifichao mafunjoni: mwongozo wa Ziwa Duluti na majaruba ya Moshi

Anayezunguka Ziwa Duluti kwa mwendo wa matembezi humwona tai mla samaki juu ya mti, mnandi akianika mabawa na kima wakirukaruka matawini, kisha hurudi Tengeru akisema mafunjo hayana kitu. Mafunjo yana kitu. Ndege aliyekuwa mita sita kutoka kiatu chake alisimama kimya akasubiri nyayo zipite. Ndege wa majani ya majini wengi si adimu, ila wanajua kusubiri kuliko wanaowatafuta. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu ni ya kukaa: ukae wapi, kuanzia saa ngapi, kwa muda gani, na utazame nini katika sekunde chache ambazo ndege yuko wazi.

Tunaowazungumzia ni viluwiri na kukuziwa (familia ya Rallidae), ngojamaliko, ambaye ni ndugu mdogo wa korongo, na sululu wa matopeni. Majina ya Kiswahili ya ndege hawa hayajatulia, na ndege mmoja hupewa jina tofauti kila kijiji, ndiyo maana tunaweka jina la kisayansi kila anapotajwa mara ya kwanza. Ukimuuliza mtu njiani, mweleze rangi ya mdomo na miguu badala ya kumtajia jina.

Mahali na majira

Duluti ni ziwa la kreta, lina eneo la kama kilometa 0.6 za mraba na kina kisichozidi mita 9 hivi, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,290. Ukitoka Arusha mjini kwa barabara ya Moshi, shuka Tengeru. Ziwa liko upande wa kulia wa barabara, na kutoka kituoni unafika kwa bodaboda au kwa mguu. Jumamosi ni siku ya soko la Tengeru, hivyo wahi sana au chagua siku nyingine, maana foleni itakula ile saa moja uliyoihitaji zaidi. Msitu uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Kiingilio hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali, na kuisubiri alfajiri getini huku mtandao unasuasua kunaudhi. Nenda au piga simu siku moja kabla, uliza saa wanayofungua na ulipie mapema. Wakikwambia huwezi kuingia kabla ya jua kuchomoza, panga zamu yako ya kuanzia saa kumi alasiri.

Jua la huku halichomozi saa ileile mwaka mzima. Novemba hutoka kama saa kumi na mbili na dakika kumi, Februari na Julai linakaribia saa kumi na mbili na dakika arobaini. Lenga kuwa umeshakaa dakika ishirini kabla ya hapo. Muda mzuri ni tangu mwanga wa kwanza hadi saa mbili na nusu, halafu tena kuanzia saa kumi na moja jioni. Katikati ya mchana ndege wapo, lakini wamelala au wanatembea ndani kabisa.

Majira mazuri ni wakati maji yanaposhuka. Masika, Machi hadi Mei, maji hupanda mpaka kwenye mashina ya mafunjo na ule utepe wa tope ambao ndege hutokea kula unazama. Ndege hawajahama. Wamepata chakula ndani na hawana sababu ya kutoka. Kuanzia mwishoni mwa Juni tope hurudi kuonekana, na Januari hadi Februari pia huwa pazuri, kukiwa na nyongeza ya wageni kutoka Ulaya na Asia ambao hukaa huku kuanzia Oktoba hivi hadi Aprili. Asubuhi iliyofuata mvua ya usiku ni ya kuitumia hata kama hukuwa umepanga kwenda: majani yameloa, na ndege hutoka nje kujikausha.

Darubini, na namna ya kuitayarisha

Nunua au azima darubini ya 8x42. Namba ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Gawanya ya pili kwa ya kwanza: 42 kwa 8 ni 5.25, upana wa mwale unaoingia jichoni. Darubini ndogo ya mfukoni ya 8x25 hutoa 3.1 tu, na hapo alfajiri kivulini utaona kijani kizito na si kingine. Ya 10x42 huvutia dukani, lakini hutikisika zaidi mkononi na uwanja wake ni mwembamba. Ndege akivuka pengo la nusu mita, utakuwa bado unamtafuta. Hakikisha pia inaona vizuri kitu kilicho mita tatu. Nyingine huishia mita tano au sita, na kiluwiri ana tabia ya kutokea miguuni pako.

Irekebishe nyumbani, si ziwani. Tafuta maandishi yaliyo mita kama ishirini, mfano bango la duka. Funika lenzi ya mbele ya kulia kwa kiganja, zungusha gurudumu la katikati mpaka jicho la kushoto lione herufi kwa ukali. Sasa funika ya kushoto, usiguse gurudumu, zungusha pete iliyo kwenye kioo cha jicho la kulia mpaka herufi zilezile zikae sawa. Weka alama ya kalamu pale pete ilipoishia. Wanaolalamika kuwa darubini inawaumiza kichwa wengi wao waliruka hatua hii.

Juni na Julai vioo hufanya ukungu ukivipeleka karibu na uso wenye joto. Itoe darubini kwenye begi dakika kumi kabla, na usipumulie juu. Kingine cha kubeba: kigoda kifupi cha sentimeta thelathini hivi, kofia yenye ukingo, shati la mikono mirefu la rangi ya majani makavu au udongo, dawa ya mbu, maji, na daftari la kuingia mfukoni. Nyeupe na nyekundu ziache nyumbani. Mifuko ya nailoni inayochakarisha nayo iache, kwani kwa ndege aliye karibu mlio wake ni kama bati linalokokotwa.

Kutafuta pengo la kukalia

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo wengi hulipua.

Ndege hawa hawatembei hovyo ndani ya majani. Wana vichochoro. Fika alasiri ya siku ya kwanza bila haraka, tembea ukingoni ukiangalia chini. Unatafuta mahali ambapo ukuta wa mafunjo au matete umekatika kwa upana wa nusu mita hadi mita mbili, na chini pana tope laini au majani yaliyolala juu ya maji. Chuchumaa utazame mashina. Kichochoro kinachotumika huwa kama tundu la chini, urefu wa kiganja, lisilo na utando wa buibui wakati mashina ya jirani yana utando. Kwenye tope kuna alama za vidole vitatu virefu vilivyotanuka mbele na kimoja nyuma. Vinyesi vyeupe vikavu juu ya bua lililolala vinasaidia, ingawa yangeyange naye hunya hapohapo.

Ukipata mapengo matatu, chagua moja kwa mwanga. Kingo za kreta zina miti mirefu, na asubuhi upande wa magharibi wa ziwa ndio unaoguswa na jua kwanza huku wa mashariki ukiwa bado kivulini. Pengo la upande wa magharibi lina faida mbili: unaona rangi mapema, na ndege walioloa umande hutafuta jua. Kaa pembeni mwa pengo, jua likiwa nyuma ya bega lako, umbali wa mita kumi hadi kumi na tano. Usikae uso kwa uso na tundu, maana akichungulia tu ameshakuona. Egemea mti ili umbo la kichwa na mabega lisikatwe na anga.

Kabla ya kuweka kigoda, angalia ardhi kwa tochi. Siafu wa msituni hawakupi onyo, na majira ya mvua mistari yao hukatiza njia popote. Mtu aliyevamiwa na siafu hupiga kelele, na pengo hilo umelipoteza kwa asubuhi nzima.

Ukishakaa, simu iwe kimya kabisa, na mwanga wa kioo chake uwe chini. Dakika kumi na tano za kwanza usitegemee chochote, kwa sababu ndege walisikia ukija. Tulia, darubini ikiwa imeshaegemezwa kifuani, viwiko vikiwa vimeshikana na mbavu, ili kuipandisha kuwe ni mwendo mmoja mfupi. Toa pengo hilo dakika arobaini na tano. Ukiondoka dakika ya ishirini na tano, umelipia kusubiri bila kuchukua mzigo.

Dalili ya kwanza mara nyingi si ndege. Upepo haupo, mafunjo yote yametulia, lakini bua moja linatikisika kwa chini, sentimeta kumi juu ya maji. Linatulia. La jirani linatikisika. Kisha kwenye kiza cha tundu unaona kitu chekundu kinachokwenda juu na chini: ni mguu unaojaribu jani kabla ya kuliamini. Mdomo wa manjano ya limau unatokea, unasimama. Mkia mfupi unachezacheza, chap, chap. Usipandishe darubini sasa. Kichwa kiko nje na jicho lake liko kwako. Subiri ainame kudonoa. Mdomo ukigusa tope, pandisha. Huyo ni kiluwiri mweusi, Zapornia flavirostra, na akishadonoa mara tatu bila kushtuka anaweza kukaa nje dakika nzima.

Makosa yanayomrudisha ndani ni yaleyale: kunyoosha kidole kumwonyesha mwenzako, kugeuza uso haraka, kunong'ona. Mnong'ono una sauti kali za "s" zinazosafiri juu ya maji. Ikibidi kusema, sema kwa sauti nzito ya chini. Na msiwe zaidi ya watu watatu kwenye pengo moja.

Sikio kwanza

Aina nyingi utazisikia mara kumi kabla ya kuziona mara moja. Kiluwiri mweusi huimba wawili wawili: mmoja hukoroma kwa mikwaruzo, mwenzake huingiza mngurumo wa chini kama chungu kinachochemka, na wote hunyamaza ghafla. Ukisikia hivyo, hesabu ndege wawili. Kiluwiri mwenye mdomo mrefu, Rallus caerulescens, huanza na mlio mkali wa filimbi unaotetema, kisha hushuka na kupungua kasi kama mpira unaodunda kuelekea kusimama. Dume la ngojamaliko mdogo, Ixobrychus minutus, hutoa mkoromo mfupi mmoja kila baada ya sekunde mbili au tatu, kwa muda mrefu, na watu hudhani ni chura. Tofauti ni kwamba vyura hupokezana na kuvurugana, huyu ana saa kichwani.

Jihadhari na tipitipi. Wimbo wake, ule wa maji yanayomiminwa kutoka kwenye chupa, hutokea palepale kwenye majani ya ukingoni na umewapotezea wageni asubuhi nyingi.

Zikariri sauti nyumbani. Tovuti ya xeno-canto ina rekodi za bure za ndege hawa wote. Lakini usizipige ziwani. Kiluwiri akisikia sauti ya mwenzake huamini amevamiwa, huacha mayai au makinda na kuja kupigana na simu, na Duluti kuna kenge na kima wanaosubiri nafasi kama hiyo. Isitoshe, ndege aliyedanganywa mara kadhaa hunyamaza, na wanaokuja baada yako hawasikii kitu.

Sekunde tatu: tazama nini

Anza na mdomo, shuka kwenye miguu, malizia ubavu na chini ya mkia. Mgongo uache, karibu wote ni weusi au wa hudhurungi.

Mdomo wa manjano, miguu myekundu, mwili mweusi mtupu, ukubwa wa kifaranga kikubwa (sentimeta 20 hivi): kiluwiri mweusi. Kinda lake huchanganya watu, kwani ni la hudhurungi, mdomo wa kiza na miguu iliyofifia. Mtafute mzazi jirani. Mdomo mrefu mwekundu, kifua cha kijivu, ubavuni mistari myeusi na myeupe: Rallus caerulescens. Paji jekundu, ncha ya mdomo ya manjano, mstari mweupe ubavuni na weupe chini ya mkia: kukuziwa wa kawaida, Gallinula chloropus, ambaye huogelea hadharani na si wa kujificha hasa. Akiwa mdogo zaidi, mdomo karibu wote wa manjano, na ni msimu wa mvua, andika maelezo yote uliyoona, huenda ni Paragallinula angulata, ambaye huja na mvua na kuondoka nazo.

Ngojamaliko mdogo hasogei ukimshtua. Husimama wima, mdomo juu, na kujifanya tete. Mtafute kwa kupitisha darubini polepole kwenye mashina, kutoka chini kwenda juu, ukitafuta "tete" lenye jicho la manjano. Akiruka, bawa huonyesha baka kubwa la rangi ya maziwa juu ya weusi. Usimchanganye na Ardeola ralloides, korongo mdogo wa hudhurungi anayegeuka mweupe pe mara tu anapopaa.

Kwa mtumbwi

Ziwani hukodishwa mitumbwi, na ni njia nzuri ya kuona mafunjo kutoka upande wa ndege. Vaa jaketi la kuokolea hata kama unajua kuogelea. Kaa mita kumi na tano kutoka majanini, inua kasia, uache mtumbwi uelee wenyewe sambamba na ukingo. Kasia likigonga ubao, mita hamsini zinazofuata zimekwisha. Mwambie mpiga kasia tangu mwanzo kwamba hutaki kukaribia zaidi. Wengi wao huingiza mtumbwi majanini kwa nia njema ya kukuridhisha mteja. Upepo ukianza kukunja maji, kwa kawaida asubuhi ikiwa imekwenda, mabua yote yanatikisika na dalili yako imekufa. Rudi.

Majaruba chini ya Moshi

Kwa sululu, Duluti haikufai. Nenda kwenye mpunga wa Mabogini na Chekereni, katika skimu ya Lower Moshi iliyojengwa miaka ya 1980. Hapa kanuni ni hatua ya mpunga. Jaruba lililopandikizwa juzi, au lililovunwa likabaki na mabua na maji ya kufunika kifundo, lina ndege. Mpunga uliofika gotini umewafunika, na lililokauka likapasuka halina kitu.

Omba ruhusa kwa mwenye shamba, na tembea katikati ya tuta, si ukingoni linapobomoka na kumwagia jirani maji. Msimu wa mpunga kukomaa utakuta watu wanaamia ndege, wakiwafukuza kwelea kwelea kwa makopo na kombeo. Wasalimie kwanza, shikamoo kwa wakubwa, ueleze unachotafuta, kwa sababu mtu anayenyemelea mpungani bila kusema anaeleweka vibaya. Wao wapo hapo tangu alfajiri hadi magharibi, na wanajua kona ambayo "yule mwenye mdomo mrefu" huruka kila wanapopita. Usikanyage maji ya mifereji kwa miguu mitupu. Kichocho kipo katika maji ya aina hiyo.

Sululu wa kawaida, Gallinago gallinago, ambaye ni mgeni wa miezi ya Oktoba hadi Machi, hulipuka kutoka miguuni na kukimbia kwa kona kali akilia kwa ukwaruzo. Rostratula benghalensis, ndugu wa mbali mwenye duara jeupe lililovutwa nyuma ya jicho, huruka kivivu, miguu ikining'inia, na kutua karibu. Kwa huyu jike ndiye mwenye shingo ya rangi ya kahawia iliyoiva na umbo kubwa. Dume ni la madoa ya dhahabu hafifu, na ndilo linaloatamia na kulea. Ukiona "jike" lililofifia likiongoza vifaranga, ni baba yao. Jioni ikiingia giza, jike huita kwa mvumo wa chini, kama mtu anayepuliza mdomo wa chupa tupu. Kaa kwenye tuta saa kumi na mbili na nusu, jua linapozama, nao hutembea wenyewe hadi kwenye maji wazi.

Aliyerushwa mara moja usimfuate. Akiruka mara ya pili hatarudi kwenye jaruba hilo siku hiyo.

Daftari

Andika papo hapo, kabla ya kufungua kitabu au programu ya simu, kwani picha ya kitabuni hufuta ulichoona. Weka mahali, saa ya kuanza na kumaliza, idadi, na kama ulimwona au ulimsikia tu. Vikao vitupu viandike pia. Kumbukumbu hizo ukizipandisha eBird, tovuti ya kuwekea kumbukumbu za ndege, zinamfaa yeyote anayefuatilia ndege wa maji, ila mahali penye kiota paache bila kutaja. Mstari mmoja unatosha:

"Duluti, magharibi, pengo lenye mti ulioanguka. 12:20–1:10 asubuhi, maji yameshuka, umande, hakuna upepo. Kiluwiri mweusi 2 kwa sauti, 1 kwa macho, dakika moja. R. caerulescens mlio mara moja, kulia. Siafu kwenye njia, wakati mwingine pitia juu."